Dawa Iliyokosewa kwa Moyo Unaokwenda Mbio: Kulifuata Tatizo Kutoka Dalili Hadi Chanzo

Mgonjwa anapoingia kitengo cha dharura moyo wake ukidunda mara 170 kwa dakika, kila aliye zamu huingiwa na haraka, na haraka hiyo ndiyo huzaa makosa mengi yanayoelezwa hapa. Kabati la dawa huwa na chupa tano au sita ambazo sote tumezoea kuziita "dawa za kushusha mapigo", na mazoea hayo ya lugha ndiyo chanzo cha kwanza cha tatizo, kwa sababu hakuna hata moja kati yake ambayo kazi yake ni hiyo pekee. Adenosini hukata njia ya umeme iliyo kati ya vyumba vya juu na vya chini vya moyo kwa sekunde chache tu. Verapamili na dawa za kundi la beta-bloka hupunguza kasi, lakini hupunguza pia nguvu ya msuli wa moyo wa kusukuma damu. Digoksini huchukua saa kadhaa kabla ya kazi yake kuonekana. Amiodaroni ikishajaa mwilini hubaki humo kwa wiki nyingi baada ya kidonge cha mwisho. Anayechagua kati ya hizi kwa kutazama namba iliyo kwenye kioo cha mashine anacheza bahati nasibu kwa maisha ya mwenzake.

Mwongozo huu umeandikiwa matabibu, wauguzi na wafamasia wa hospitali na zahanati za Nairobi, hasa zile ambazo daktari bingwa wa moyo hupatikana kwa simu tu. Vipimo vya dawa vilivyotajwa ni vya watu wazima. Msomaji ambaye moyo wake mwenyewe humwenda mbio asiutumie kujichagulia dawa. Akipata pia maumivu ya kifua, kukosa pumzi au kuzirai, afike hospitali saa hiyo hiyo. Nimeupanga kinyume cha vitabu vingi: badala ya kuanza na ugonjwa, unaanza na kile kinachoonekana kando ya kitanda baada ya dawa kuingia, kisha unarudi nyuma hadi pale kosa lilipofanyika.

Mambo ya kutazama kabla ya kushika sirinji

Kwanza itazamwe hali ya mgonjwa. Iwapo namba ya juu ya presha iko chini ya 90, au amechanganyikiwa, au ana maumivu ya kifua, au mapafu yamejaa maji, na hayo yote yameletwa na mwendo wa moyo wenyewe, basi swali la dawa ipi halipo tena. Tiba ni mshtuko wa umeme uliosawazishwa na mapigo, baada ya kumpa usingizi mwepesi kama bado ana fahamu. Maneno "yameletwa na mwendo wa moyo wenyewe" yana uzito mkubwa, na tutayarudia muda si mrefu.

Pili ni upana wa QRS, yaani alama ya umeme wa vyumba vya chini, kwenye mchoro wa ECG, ile karatasi inayorekodi umeme wa moyo. Karatasi ikitembea kwa milimita 25 kwa sekunde, visanduku vidogo vitatu ni sekunde 0.12, chini ya hapo QRS ni nyembamba, na kuanzia hapo kwenda juu ni pana. Tatu ni kama umbali kati ya pigo na pigo ni sawa au unapotoka bila mpango, jambo ambalo hupimwa vizuri kwa kuweka alama kwenye ukingo wa karatasi nyingine na kuisogeza, wala si kwa kukodoa macho. Kioo cha mashine hakitoshi kwa kazi hii. Ipatikane ECG kamili ya njia 12, na kama mgonjwa ana ECG ya zamani, itafutwe hata kama ndugu zake watalazimika kuipiga picha nyumbani na kuituma kwa simu.

Nne ni yale aliyoyameza. Hapa Nairobi jibu la swali hili ni nadra kukaa katika mfuko mmoja. Mtu mmoja anaweza kuwa na propranololi aliyouziwa kwenye duka la dawa la mtaani, vidonge vya kifua kikuu kutoka kliniki, dawa ya mafua aliyokopeshwa na jirani, na miraa au muguka aliyotafuna tangu jioni, ambayo kathinoni yake peke yake inatosha kuupandisha moyo kasi. Akiulizwa "unatumia dawa yoyote?" atajibu hapana, kwa kuwa katika hesabu yake hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni dawa aliyoandikiwa. Aulizwe kimoja kimoja kwa jina.

Dalili: mapigo yamepungua, lakini mgonjwa amezidi kudhoofika

Hili ndilo kosa linalojificha kuliko yote, kwa sababu kwenye kioo linaonekana kama ushindi. Mapigo yalikuwa 135, beta-bloka imetolewa, sasa ni 95. Lakini mikono imekuwa baridi, mkojo umekauka, na presha inashuka.

Chanzo ni kwamba moyo haukuwa na ugonjwa wa mwendo. Ulikuwa unakwenda mbio kwa kazi maalumu, ukifidia upungufu uliokuwa mahali pengine: damu iliyomwagika, maji yaliyopotea kwa kuhara, maambukizi yaliyoingia kwenye damu, upungufu wa damu, damu iliyoganda na kuziba mapafu. Kiasi cha damu kinachosukumwa kwa dakika ni zao la ukubwa wa kila pigo na idadi ya mapigo. Kila pigo likishakuwa dogo, idadi ndiyo akiba iliyobaki, na aliyeishusha idadi kwa dawa amemnyang'anya mgonjwa akiba yake ya mwisho. Mama aliyejifungua saa mbili zilizopita na ambaye mapigo yake ni 130 anahitaji mtu wa kutafuta damu inakotokea, na tumbo la uzazi lililolegea halitibiwi kwa propranololi.

Wagonjwa wa aina moja wanastahili kutajwa peke yao, kwa kuwa katika nchi zenye kifua kikuu kingi kama yetu hawakosekani: wale ambao kifua kikuu kimejaza maji kwenye mfuko unaouzunguka moyo. Mishipa ya shingo imejaa, presha iko chini, sauti za moyo ziko mbali, na QRS kwenye mchoro ni fupi kuliko kawaida, wakati mwingine ikibadilika kimo pigo moja baada ya jingine. Moyo uliobanwa hivyo hauwezi kuongeza ukubwa wa pigo hata kidogo. Tiba ni kuyatoa maji hayo kwa sindano, na dawa yoyote ya kupunguza mapigo kabla ya hapo inaweza kumuua.

Kuutambua mwendo huu wa kufidia si kugumu mtu akitulia. Huanza polepole na kuisha polepole, tofauti na ule wa ugonjwa ambao mgonjwa husema ulimjia "kama mtu aliyewasha swichi". Namba zake huyumba kidogo kidogo, 128, kisha 134, kisha 131, wakati mwendo wa mzunguko wa umeme hukwama kwenye 178 kwa nusu saa nzima. Kila QRS hutanguliwa na wimbi la P, alama ndogo ya umeme wa vyumba vya juu, lenye umbo la kawaida. Homa huongeza mapigo yapatayo 10 kwa kila nyuzi moja ya joto. Tena kasi hii ni nadra kuvuka 220 ukitoa umri wa mgonjwa. Mzee wa miaka 70 aliyelala kitandani akiwa na mapigo 180 ana jambo jingine. Mwendo huu haupigwi umeme pia, na hapo ndipo yale maneno ya mwanzo yanaporudi: presha ya chini haikuletwa na mapigo, bali mapigo yaliletwa na kile kilichoishusha presha.

Mgonjwa wa rovu ambaye tezi yake ya thairoidi inafanya kazi kupita kiasi yuko katikati. Kwake propranololi ni dawa sahihi ya kupunguza mtetemeko na mapigo, lakini moyo ukiwa tayari umechoka na miguu imevimba, dozi kubwa ya ghafla inaweza kumwangusha. Amiodaroni nayo ni iodini kwa takriban asilimia 37 ya uzito wake, hivyo kumpa mtu wa aina hii bila kuipima tezi ni kumwongezea kuni kwenye moto.

Dalili: adenosini imeingia, na hakuna kilichobadilika

Kabla ya kusema dawa imeshindwa, iulizwe kama ilifika. Adenosini huvunjwa na chembe za damu kwa kasi ambayo nusu ya maisha yake haifiki sekunde 10. Ikipitishwa kwenye kanula nyembamba iliyo nyuma ya kiganja, au ikisukumwa taratibu kama dawa nyingine, huisha njiani. Kanula iwe pana na iwe kwenye kiwiko au juu zaidi, miligramu 6 zisukumwe kwa kishindo kimoja, na mililita 20 za maji ya chumvi zifuate papo hapo huku mkono umeinuliwa. Isipofanya kazi, hufuatwa na miligramu 12. Mgonjwa aambiwe mapema kwamba kwa sekunde chache atahisi kifua kimebanwa na kama roho inataka kutoka, kwa sababu asiyeambiwa hatasahau, na mara ya pili atakataa sindano hiyo hata ikiwa ndiyo itakayomponya.

Chanzo cha pili ni kitu kilichoizuia kazi. Aminofilini na kafeini hukalia vipokezi vile vile, kwa hiyo mgonjwa wa pumu aliyekwisha kutundikiwa dripu ya aminofilini huenda asiitikie kabisa. Kinyume chake ni mtu anayetumia dipiridamoli, au kabamazepini kwa kifafa: kwake dozi ya kawaida inaweza kuusimamisha moyo kwa muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa, na huanza na miligramu 3.

Chanzo cha tatu ni kwamba mwendo haukuwa ule uliodhaniwa. Adenosini huvunja mzunguko ambao nodi ya AV, ile njia ya umeme kati ya vyumba vya juu na vya chini, ni sehemu yake. Mzunguko ulio wote ndani ya vyumba vya juu hautavunjika, utafichuliwa tu. Ndiyo maana karatasi ya ECG lazima iwe inatoka wakati dawa inaingia. Mwendo ulioganda kwenye 150 mara nyingi ni ule wa vyumba vya juu vinavyozunguka mara 300 kwa dakika huku nodi ikipitisha pigo moja katika mawili, na zile sekunde nne za kimya baada ya adenosini ndizo zinazoonyesha mawimbi yaliyochongoka kama meno ya msumeno. Aliyeizima mashine, au aliyekuwa ameikodolea macho bila kuchapisha, amemtia mgonjwa hofu bure.

Niongeze kwamba kwa mwendo mwembamba ulio sawa, kabla ya dawa yoyote, inafaa kujaribu kukamua pumzi kwa njia iliyoboreshwa: mgonjwa aliyeketi nusu apulize kwa nguvu ndani ya sirinji kwa sekunde 15, kisha alazwe chali mara moja na miguu yake iinuliwe. Katika utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2015, njia hii ilirudisha mwendo wa kawaida kwa asilimia 43 ya wagonjwa, dhidi ya asilimia 17 kwa njia ya zamani. Haina gharama, na haihitaji stima.

Mgonjwa akianza kupumua kwa mluzi dakika hiyo hiyo baada ya adenosini, alikuwa na pumu na hakuulizwa. Kwake verapamili ingekuwa chaguo bora, na beta-bloka ingekuwa kosa lile lile kwa jina jingine.

Dalili: presha imeanguka baada ya verapamili

Hapa nina deni la kukiri. Miaka kadhaa iliyopita, katika zamu ya usiku kwenye hospitali moja ya jiji hili, aliletwa mzee aliyewahi kupata shambulio la moyo. Mapigo yalikuwa 170, yakiwa sawasawa, na QRS ilikuwa pana. Alikuwa ameketi, anazungumza, anauliza kama gari lake liko salama huko nje. Presha ilikuwa 110 kwa 70. Mmoja wetu alisema kwamba mtu mwenye mwendo hatari wa vyumba vya chini hawezi kuketi na kuzungumza hivyo, kwa hiyo huu ni ule wa juu uliopanuka tu, na mimi ndiye niliyevuta verapamili miligramu 5 kwenye sirinji. Haikupita dakika mbili presha ikawa haipimiki. Umeme ndio uliomrudisha.

Kosa letu halikuwa la kutojua dawa. Tulichukua hali nzuri ya mgonjwa kuwa ushahidi wa aina ya mwendo, na haiwi ushahidi. Mwendo wa vyumba vya chini unaweza kuvumiliwa kwa saa nyingi na mtu anayezungumza. Kati ya wagonjwa wote wenye mapigo ya kasi, yaliyo sawa na yenye QRS pana, wapatao wanne katika kila watano mwendo wao unatoka vyumba vya chini, na kwa aliyewahi kupata shambulio la moyo uwezekano huo hupita asilimia 90. Verapamili katika hali hiyo hulegeza mishipa ya damu na kuudhoofisha msuli huku ikiuacha mwendo wenyewe ukiendelea. Kuna mwendo mmoja wa vyumba vya chini, wa vijana wasio na ugonjwa mwingine wa moyo, ambao huitikia verapamili vizuri, lakini huo ni wa bingwa kuutambua mchana akiwa na kumbukumbu zote, wala si wa kubahatishwa usiku.

Kwa QRS pana iliyo sawa na mgonjwa aliyetulia, chaguo salama ni prokainamidi au amiodaroni miligramu 150 kwa dakika 10 ndani ya maji ya dekstrosi ya asilimia 5, au lignokaini, huku mashine ya umeme ikiwa imekwisha kubandikwa. Amiodaroni yenyewe ikisukumwa haraka hushusha presha, kwa sehemu kutokana na kiyeyushio chake, kwa hiyo zile dakika 10 zisifupishwe.

Presha ikianguka baada ya verapamili ingawa QRS ilikuwa nyembamba kweli, vitafutwe vyanzo viwili. Kimoja ni moyo uliokwisha kudhoofika, kama wa mama aliyepata ugonjwa wa msuli wa moyo baada ya kujifungua. Verapamili na dilitiazemu hazimfai kabisa. Cha pili ni beta-bloka iliyotangulia. Propranololi aliyomeza asubuhi na verapamili ya mshipani jioni zinaweza kukutana kwenye nodi na kuusimamisha moyo. Hatua za kwanza ni kusimamisha dawa, kumlaza na kuinua miguu, kutoa kalsiamu mshipani, na kuwa na adrenalini karibu.

Dalili: mapigo yamepanda badala ya kushuka

Mgonjwa ni kijana, mara nyingi chini ya miaka 40, na mchoro wake ni wa kasi ya ajabu, zaidi ya 200, QRS pana kwa sehemu kubwa, zikibadilika umbo, na umbali kati yake haulingani hata mara moja. Amepewa verapamili, digoksini au adenosini, na sasa mapigo ni 280, au hakuna mapigo kabisa.

Huyu ana njia ya ziada ya umeme kati ya vyumba vya juu na vya chini, hali iliyoelezwa mwaka 1930 na Louis Wolff, John Parkinson na Paul Dudley White. Vyumba vyake vya juu vimeingia katika mtetemo usio na mpango, na umeme huo unashuka kwa njia mbili: nodi, ambayo huchuja, na ile ya ziada, ambayo haichuji. Dawa inayoifunga nodi huiacha milki yote kwa njia isiyo na mlinzi. Kwa sababu hiyo adenosini, verapamili, dilitiazemu, digoksini, beta-bloka, na hata amiodaroni ya mshipani, zote haziruhusiwi hapa. Prokainamidi ndiyo dawa, na isipokuwepo, au mgonjwa akiyumba, umeme.

Kanuni ninayoishikilia ni fupi: mwendo wa kasi, mpana na usiolingana haupewi dawa ya kufunga nodi na mtu yeyote hadi aliye mkubwa zaidi katika zamu auone mchoro kwa macho yake.

Kupanda kwa namna nyingine humtokea mtu aliyepewa flekainidi peke yake kwa mzunguko wa vyumba vya juu. Dawa hupunguza mzunguko kutoka 300 hadi 200 hivi, na nodi, iliyokuwa ikipitisha pigo moja katika mawili, sasa inaweza kupitisha yote. Mapigo 150 yanakuwa 200. Dawa ya kupunguza kasi kwenye nodi hutangulia kwa sababu hiyo. Na flekainidi haipewi kamwe mtu aliyewahi kupata shambulio la moyo: utafiti mkubwa wa Marekani ulioitwa CAST, ambao matokeo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 1989, ulionyesha kwamba ingawa flekainidi na enkainidi zilifuta mapigo ya ziada kwenye mchoro, waliozimeza walikufa kwa wingi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Karatasi ilipendeza, watu wakafa.

Dalili: mgonjwa anazirai kwa vipindi, na kila dawa ya moyo inazidisha

Mchoro unaonyesha QRS pana zinazokua na kupungua, zikigeuka juu na chini kama kamba inayosokotwa. Daktari wa Ufaransa François Dessertenne aliuelezea mwendo huu mwaka 1966. Ukimwona mgonjwa kati ya vipindi, QT, yaani muda kutoka mwanzo wa QRS hadi vyumba vya chini vimalize kujichaji upya, imerefuka. Kwa mapigo ya kati ya 60 na 100, QT inayovuka nusu ya umbali kati ya pigo na pigo inatia shaka, na QT iliyosahihishwa kwa kasi ikipita milisekunde 500 ni hatari ya wazi.

Kosa la kawaida ni kuuona kama mwendo mwingine wowote wa vyumba vya chini na kutoa amiodaroni, ambayo yenyewe hurefusha QT. Vivyo hivyo sotaloli na prokainamidi. Tiba ni magnesiamu salfeti gramu 2 mshipani, hata kama kipimo cha magnesiamu ni cha kawaida, na potasiamu ipandishwe hadi kati ya 4.5 na 5. Asipokuwa na mapigo, apigwe umeme bila kusawazisha. Vipindi vikiendelea kurudi kwa sababu moyo uko polepole kati yake, mashine ya kuuendesha moyo kwa kasi zaidi huvizuia.

Lakini kazi kubwa ni kumtafuta aliyeirefusha QT, na mara nyingi hayuko peke yake. Chukua mgonjwa wa kifua kikuu sugu anayetumia bedakwilini, klofazimini na moksifloksasini, zote tatu zikirefusha QT. Ametapika siku mbili, potasiamu imeshuka. Anapewa ondansetroni ya kuzuia kutapika, ambayo nayo hurefusha QT. Kila aliyeandika alikuwa na sababu nzuri, na hakuna aliyesoma karatasi nzima. Katika orodha hiyo hiyo wapo methadoni, haloperidoli, erithromisini, klarithromisini, flukonazoli na kwinini. Mfamasia anayepokea maagizo ya amiodaroni au sotaloli ndiye mtu wa mwisho mwenye nafasi ya kuuliza, na asione haya kupiga simu wodini.

Dalili: mapigo yamekuwa polepole mno, au yamekuwa sawa ghafla

Mgonjwa wa mtetemo wa vyumba vya juu anayetumia digoksini, ambaye mapigo yake hayakuwahi kulingana kwa miaka, leo anapimwa na kukutwa na mapigo 50 yaliyo sawa kabisa. Muuguzi mpya ataandika kwamba amepona. Yule mzoefu atashuku kwamba umeme wa juu haushuki tena hata kidogo, na kwamba moyo unaendeshwa na kituo cha akiba. Hii ni sumu ya digoksini hadi ithibitishwe vinginevyo. Kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula na kuona vitu vya manjano huja pamoja nayo, ingawa si kwa kila mtu.

Dawa hii hutolewa na figo, na katika figo nzima nusu yake huchukua siku moja na nusu hadi mbili kutoka. Figo zikichoka hukaa siku kadhaa. Vyanzo vya kutafuta ni kuharibika kwa figo, furosemidi iliyoishusha potasiamu, na dawa mpya iliyoongezwa, kwa kuwa amiodaroni, verapamili na klarithromisini zote huipandisha digoksini kwenye damu. Mwendo wa kasi wa vyumba vya chini ukitokea katika sumu hii, mshtuko wa umeme ni wa kuogopwa, kwa sababu unaweza kuugeuza kuwa mtetemo wa mauti.

Dalili: mapigo yamerudi sawa, upande mmoja wa mwili umepooza

Mtetemo wa vyumba vya juu ukidumu zaidi ya saa 48, damu huweza kuganda ndani ya chumba cha juu cha kushoto, na donge hilo hutoka pale vyumba vinapoanza tena kukaza. Wengi hukumbuka hili kabla ya umeme, na husahau kwamba amiodaroni nayo inaweza kuurudisha mwendo. Asiye katika hatari ya papo hapo hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda kwa wiki tatu kabla na angalau wiki nne baada, na mapigo yake hupunguzwa tu kwa wakati huo.

Kwa wagonjwa wetu ambao vali ya moyo iliharibiwa na homa ya baridi yabisi, dawa hiyo bado ni warifarini. Utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022, uliohusisha wagonjwa wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulionyesha kwamba waliopewa dawa za kundi la warifarini walipata madhara na vifo vichache kuliko waliopewa rivaroksabani. Amiodaroni ikiongezwa juu ya warifarini, dozi ya warifarini kwa kawaida hupunguzwa kwa theluthi moja hadi nusu na INR, kipimo cha muda wa damu kuganda, hupimwa mara kwa mara, la sivyo mgonjwa atarudi akitokwa na damu.

Kumpeleka mbele

Madhara ya dawa, yawe yametokana na kosa au la, huripotiwa kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Mgonjwa anayepelekwa Hospitali ya Kenyatta au kwingineko anaweza kukaa barabarani muda mrefu kuliko dozi ilivyotegemewa kufanya kazi, kwa hiyo asipakiwe kwenye ambulensi bila mashine ya umeme, magnesiamu na mtu anayejua kuvitumia. Barua ya rufaa iandike kila dawa, kiasi chake na saa kamili ilipoingia, ikiwa pamoja na ile iliyoshindwa na ile ambayo aliyeitoa anaionea aibu. Michoro yote iambatanishwe, ya kabla, ya wakati wa dawa na ya baada. Ipigwe picha kwanza, kwa kuwa karatasi ya ECG hufifia ikiachwa juani kwenye dashibodi ya gari.